Mwiko wa Mafuta Yanayoganda

Baba yangu hakuwahi kukataa chakula cha mtu. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake kubwa kijijini kwetu Kabuchai, Bungoma, kuliko hata miaka yote aliyofundisha sayansi katika shule ya msingi. Ukimkaribisha, anaketi. Ukimwekea, anakula. Ukitaka kumwongeza anasema, "Kidogo," na kila mtu alijua kidogo ya Mwalimu maana yake ni weka. Watu walimpenda kwa hilo. Kwetu mtu akila kwako bila kusitasita amekuambia kwamba hakushuku kwa lolote, nyumba yako ni safi na mkeo anajua kupika, na hayo yote hajayatamka.

Na mwenyeji naye alikuwa na namna yake ya kujibu. Mchuzi ulitakiwa ung'ae. Mboga zilitakiwa ziache alama ya mafuta mdomoni, mgeni akirudi njiani wanaokutana naye wajue alikula kwa watu. Mama mmoja jirani yetu alisemwa mwaka mzima kwa sababu alimpikia mgeni wa kanisa sukuma wiki kavu. Hadi leo nikikumbuka namna walivyomsema namwonea huruma, ingawa wakati ule nami nilicheka na wenzangu.

Kisha kifua cha baba kikaanza. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, nikiwa karani katika ofisi moja mjini Kitale, sijaolewa, nimepanga vyumba viwili juu ya kilima kidogo. Baba alikuja kunitembelea na ndizi mbivu na kuku mzima chini ya kwapa. Nilimwona kwa dirisha akipanda. Alisimama mara tatu. Mara ya tatu alimweka kuku chini, akashika kifua, akajifanya anaangalia mawingu.

"Ni hii baridi yenu ya Kitale," aliniambia mlangoni. "Inabana mtu."

Nilijua si baridi. Kaka yake mkubwa alianguka shambani asubuhi moja, jembe bado liko mkononi, na hatukumwinua tena akiwa hai. Baba alikuwa na mwili uleule, kicheko kilekile na sahani ileile. Kesho yake nikampeleka hospitali. Walimpima damu na presha, na tuliporudi kuchukua majibu daktari alisema mafuta katika damu yamepita kiasi na moyo umeanza kulalamika. Akaandika dawa. Akasema, bila kuinua macho, "Na mafuta apunguze. Mrudi baada ya wiki mbili tuone presha."

Kwangu hilo lilikuwa tangazo la vita. Nina tabia hiyo, nikishikwa na hofu nakuwa askari. Nilimkataza baba kurudi Kabuchai, nikatupa mkebe wangu wa mafuta ya kupikia, na kwa wiki mbili kila kitu kilichoingia kinywani mwake kilikuwa kimechemshwa kwa maji na chumvi. Ugali, sukuma ya kuchemsha, maharagwe ya kuchemsha, chai ya rangi. Nilisikia kwamba njugu zina mafuta, nikazifungia. Ovakado ina mafuta, nikaipa jirani. Mayai, dagaa wa omena, simsim, vyote nilivifukuza. Nilijiona mwerevu sana.

Baba alikula alichowekewa, maana ndiyo desturi yake. Lakini hadithi zilikwisha. Mzee aliyekuwa akisimulia kuanzia ugali unapoiva mpaka taa inapozimwa, sasa alikula kimya na kwenda kulala. Ngozi yake ilipauka. Siku ya kumi na mbili nilimkuta ameketi kitandani akitoboa mshipi wake kwa msumari, tundu jipya, la tatu.

"Mwanangu," alisema, "kama ni kufa, si afadhali nife nimeshiba?"

Nilikwenda jikoni nikalia. Nilijiambia ni hasira, lakini nilikuwa naogopa, na sikujua tena ninachokiogopa zaidi, mafuta au mimi mwenyewe.

Tuliporudi hospitali, presha ilikuwa imeshuka kidogo. Daktari alimtazama baba alivyokonda, akatutuma kwa mama wa lishe, mtaalamu wa vyakula vya wagonjwa, chumba cha mwisho kwenye ujia. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, na mezani kwake kulikuwa na vyakula vya kweli, si picha. Aliniuliza baba anakula nini. Nilimtajia kwa fahari, kama mtoto anayesema shairi. Nilipofika kwenye njugu akaweka kalamu chini.

"Nani alikuambia umnyime njugu?"

"Daktari alisema mafuta."

"Alisema apunguze. Hakusema ati mpigane nayo. Mwili bila mafuta hauendi, hata hizo vitamini za sukuma unazomchemshia haziingii vizuri. Shida si mafuta, shida ni mafuta gani na kiasi gani."

Akasogeza sahani mbili zilizokuwa dirishani tangu asubuhi. Moja ilikuwa na masalio ya nyama iliyokaangwa kwa mafuta ya mkebe. Baridi ya asubuhi ya Kitale ilikuwa imefanya kazi yake, na sahani ilikuwa imefunikwa na utando mweupe mgumu ambao ungeweza kuuinua kwa kisu. Ya pili ilikuwa na kunde zilizopikwa kwa rojo la njugu. Ilikuwa imepoa, lakini ilikuwa bado inatiririka.

"Yanayoganda yenyewe sahani ikipoa, hayo ndiyo ya kuchunga. Ya mkebe, ya nyama, ngozi ya kuku, samli, utando wa maziwa. Yasiyoganda, ya njugu, simsim, ovakado, samaki, hayo ni marafiki. Lakini hata rafiki huwezi kuhamia kwake. Weka kwa kijiko, usimwage. Na dawa asiache."

Baba, ambaye kwa wiki mbili alikuwa amekaa kama mfungwa, aliinuka kidogo kwenye kiti. "Kwa hivyo kipimo ni kuganda?"

"Kwa mtu wa nyumbani, ndiyo, Mwalimu. Kinatosha."

Akatoa daftari lake dogo, akaandika, akapiga mstari chini ya maneno. Alitabasamu. Ningalimjua baba yangu vizuri ningaliliogopa tabasamu lile.

Lakini jioni hiyo sikuogopa kitu. Nilipika kunde kwa njugu za kusaga, nikakaanga omena kwa kijiko kimoja cha mafuta ya maji, yale yasiyoganda, nikampasulia nusu ovakado. Baba alikula polepole, akalamba kidole, kisha akaanza hadithi ya ng'ombe wa babu aliyevuka mto peke yake, hadithi niliyoisikia mara mia. Niliisikiliza yote. Nilihisi mzigo umetoka mabegani, na nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu siku ya kilima.

Alirudi Kabuchai na maagizo kwa mama. Mama yangu ni mwanamke wa maneno machache. Alisoma karatasi, akatoa mkebe wa mafuta, akaufanya wa kupimia mahindi, mambo yakaisha. Nami nikawa napiga simu ya ndugu yangu mdogo, aliyekuwa nao nyumbani, kila Jumapili kuuliza mzee anaendeleaje, na kila Jumapili naambiwa sawa.

Baada ya miezi mitatu tukapima tena. Mafuta katika damu hayakuwa yameshuka. Yalikuwa yamepanda kidogo.

Daktari alinitazama mimi. Mimi nilimtazama baba. Baba aliangalia dari.

"Nimefuata kanuni," alisema. "Neno kwa neno."

Jumapili iliyofuata nilikwenda Kabuchai bila kumwambia mtu. Sikumkuta nyumbani. Nilimkuta kwa mzee wa kanisa, mahali palipokuwa na chakula cha wageni waliokuja kwa harambee ya mabati, watu wameketi kwenye viti uani, jua la Bungoma limewaka. Baba alikuwa na sahani ya mchuzi wa kuku mbele yake, juu ya stuli, mahali pasipo na kivuli. Aliponiona hakushtuka hata kidogo. Alifurahi.

"Njoo uone, mwanangu. Hii sahani iko hapa tangu saa sita. Imeganda?"

Niliangalia. Mafuta ya kuku yalielea juu ya mchuzi, ya manjano, laini, yakimetameta.

"Haijaganda," alisema akiwageukia wenzake kama darasa la sita. "Basi ni rafiki. Huko Kitale kuna baridi, ndiyo maana mafuta yao yanaganda. Huku kwetu hayana hiyo tabia. Hata samli nimepima. Imelegea tu."

Watu wakacheka. Mzee wa kanisa akasema, "Mwalimu amesoma, bana!" na kumwongeza ngozi. Nami nilisimama pale na mkoba wangu, nimekasirika mpaka masikio yamechemka. Huwezi kumgombeza baba yako mbele ya watu. Zaidi ya hapo, Mungu anisamehe, kicheko kilikuwa kinanitekenya. Mtu aliyenusa wezi wa mtihani maisha yake yote alikuwa ameuibia mtihani wake mwenyewe.

Jikoni kwa mama sikucheka. Nilimwambia yote.

"Najua," alisema. Alikuwa anachambua mrenda. "Hapa kwangu anakula vizuri. Njugu nampa, samaki nampa. Lakini akitoka hiyo mlango, si wangu tena. Nimewaambia daktari amekataza. Wanasema, kidogo tu, mama, daktari yuko Kitale, hataona."

"Sasa tutafanya nini?"

Alichambua jani moja, la pili, la tatu. "Watu wa huku hawaogopi daktari," alisema. Akaendelea na mrenda wake.

Mwezi uliofuata ndugu yangu, yule mwenye simu, alikuwa anaoa. Yeye ndiye wa kwanza kwetu kuoa, na wazazi wa msichana walikuwa Kiminini, upande wa Kitale. Tulikwenda kwao kwa mazungumzo, baba, mama, mimi kama dada mkubwa, na wazee wawili wa ukoo. Kutoka barabarani hadi kwenye boma lao ni mwendo wa dakika kumi. Baba aliufanya kwa nusu saa. Langoni alisimama, akashika nguzo ya ua, akasema, "Mahindi yao ni mazuri." Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Mama alikuwa nyuma yangu na nilijua ameona nilichoona.

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Mvua ilianza kunyesha, baridi ya Kiminini ikaingia ndani, kisha chakula kikaja. Sote tuliwekewa, lakini mbele ya baba, kama mzazi wa kijana, waliweka kuku mzima peke yake. Ngozi yote iko, firigisi juu, na mchuzi uliokaangwa kwa mkebe usio na huruma. Kwa baridi ile kando za sahani zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Safari hii hata kwa kanuni ya baba hapakuwa na njia ya kutokea.

"Mwalimu, karibu," alisema mwenye boma, mzee mkubwa mwenye sauti ya kujaza nyumba. "Hiyo kuku ni yako peke yako. Usituaibishe."

Baba aliiangalia sahani. Kisha akaniangalia mimi, mara moja, haraka, na katika macho yake niliona kitu ambacho sikukiona Kabuchai. Aliogopa. Lakini alikuwa baba wa bwana harusi, na kuku wa wakwe hakataliwi. Ukimkataa, umekataa binti yao. Ndugu yangu alikuwa ameinamisha kichwa. Baba akanyoosha mkono.

Mama akasimama. Alikuwa hajasema neno tangu tufike isipokuwa salamu.

"Wakwe wetu, mtuwie radhi. Makosa ni yetu, hatukuwaambia mapema. Kwa nyumba yetu, mwenye boma akianza kuozesha watoto, hali tena mafuta ya kuganda. Ni mwiko."

Nilimtazama mama mdomo wazi. Wazee wetu wawili wakatazamana, kisha, kwa hekima ya watu waliozeeka pamoja, wakaanza kutikisa vichwa polepole kama wanaokumbuka.

Yote yalikuwa kwa baba. Angesema neno moja tu, huo mwiko hauko, na mkewe angekuwa mwongo mbele ya wakwe, na posa ingeharibika palepale. Mkono wake ulikuwa bado hewani. Akaurudisha.

"Ni kweli," alisema. "Nilisahau kuwaambia."

Nilidhani mwenye boma atauliza kwa nini. Hakuuliza. Aliinuka mwenyewe akaiondoa ile sahani mbele ya baba, haraka, kwa mikono miwili. "Kumusilo ni kumusilo," alisema, yaani mwiko ni mwiko kwa lugha yetu. "Mngetuambia tu, bana. Sisi pia kwa ukoo wetu kuna uyoga hatugusi." Akaita jikoni. Mara ikaja nyama ya kifua isiyo na ngozi, iliyochemshwa, mboga ya saga iliyotiwa njugu, na ovakado zilizochumwa kwenye mvua ileile. Hakuna hata mtu mmoja aliyesema kidogo tu. Nilitaka kumkumbatia yule mzee, na nilimshukuru Mungu kwa uongo, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya.

Baba hakusema na mama njia nzima. Tulilala kwangu Kitale usiku ule, na nilipokuwa natengeneza chai ndipo akalipuka.

"Miaka yote hiyo nafundisha watoto wasiamini kitu bila ushahidi! Leo umenifanya mtu wa miiko!"

"Ushahidi ni huu," mama alisema, bila kuinua sauti. "Bado uko, unanigombeza."

Baba akanywa chai yake. Ilikuwa ya maziwa yaliyoondolewa utando na hakulalamika.

Habari za mwiko zilitutangulia nyumbani. Zilifika Kabuchai kabla ya Jumapili, na shangazi yangu aliyeolewa Naitiri alituma mtu kuuliza kwa nini yeye hakuwahi kuambiwa. Sikumjibu. Tulikuwa watu wa kanisa na jambo lile lilinikera moyoni, mpaka nikamuuliza mama. Alisema atalizungumza na Mungu wao wawili, nisiingilie. Wakati huo, kila boma alilopita baba, walimtengea. Waliomlazimisha ngozi mwezi uliopita sasa waliimenya wenyewe wakimwonya mpishi. Na hakuna aliyeweka sahani juani kupima. Kanuni ya mama wa lishe ilikuwa na mwanya, na baba aliupata siku ileile. Mwiko haupimwi.

Tulipopima tena, baada ya miezi mingine mitatu, daktari alisoma karatasi mara mbili.

"Mafuta yameshuka. Yameshuka vizuri. Mmefanya nini?"

"Dawa," baba alisema, "na mila."

Nilicheka mpaka nikatafuta kiti. Machozi yakatoka na kicheko, sikuweza kuyatenganisha. Tulipotoka tulinunua ovakado mbili kwa mama wa kando ya barabara, tukakaa kwenye benchi lake, tukala kwa chumvi na kijiko cha kuazima. Baba akapanda kilima changu siku hiyo na kusimama mara moja tu, na aliposimama alikuwa anasalimiana na mtu.

Ndugu yangu alioa yule msichana wa Kiminini. Wakapata binti, akakua, akaanza kuuliza maswali. Krismasi moja, miaka ile ya elfu mbili ikielekea kuisha, tulikuwa wote Kabuchai tukila. Mtoto alikuwa ameketi karibu na babu yake na kumwangalia akiondoa ngozi ya kuku kwa vidole viwili na kuiweka kando ya sahani. Alikuwa amefundishwa na mama yake kwamba Kuka, yaani babu, hapewi ngozi wala mafuta ya kuganda.

"Kuka," aliuliza, "huu mwiko wetu ulianza lini?"

Ndugu yangu aliniangalia. Baba alimaliza kuondoa ngozi, akafuta vidole, akatazama mlangoni, pale mama, kukhu wa mtoto kwa lugha yetu, alipokuwa ameketi na ungo akichagua njugu.

"Ulianza siku kukhu wako alipokataa kuwa mjane," alisema.

Mama hakuinua kichwa. Alitupa jiwe dogo lililokuwa kwenye njugu.

"Kula mboga, Mwalimu," alisema.

Baba akala.